Chanjo Haina Kiporo

Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa chakula kilichobaki. Kilichoganda chini ya chungu chaitwa ukoko, na watoto hukigombea. Kilichosazwa kwa ajili ya asiyefika bado chaitwa masazo. Kilicholala hata asubuhi kikapashwa moto chaitwa kiporo. Kile kilichoachwa sahanini na mlaji aliyeshiba chaitwa makombo. Majina haya manne yana daraja zake za heshima. Mgeni akipewa masazo hashushiwi hadhi, maana aliwekewa. Akipewa makombo ametukanwa. Tofauti haimo katika wali, kwa kuwa wali ni ule ule. Imo katika swali moja tu: je, aliyekula kwanza alimkumbuka mwenzake kabla ya kunawa mikono, au alimkumbuka baada ya kushiba?

Swali hilo hilo liliwakabili waganga na serikali mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipokuwa adimu, nalo lilikuwa limewakabili wauguzi wa zahanati ndogo miaka mingi kabla ya hapo bila ya mtu kulipigia kelele. Chanjo nyingi hazifungwi moja moja. Hutiwa katika chupa ndogo ya dozi 5, 10 au 20, kwa kuwa njia hiyo hupunguza gharama na nafasi katika majokofu. Chanjo ya surua na rubela itumikayo katika zahanati nyingi za Afrika ya Mashariki huja kwa chupa za dozi 10. Ile ya kifua kikuu, BCG, kwa chupa za dozi 20. Zote mbili ni unga mkavu ambao hauna budi kuchanganywa na maji yake maalumu kabla ya kutumiwa, na zikisha kuchanganywa hazina ndani yake dawa ya kuzuia vijidudu. Shirika la Afya Duniani laagiza zitupwe baada ya saa 6 au mwisho wa kazi ya siku hiyo, kwa lile litakalotangulia. Ziko chanjo nyingine za majimaji, kama ile ya pepopunda, ambazo chupa yake iliyofunguliwa yaweza kuhifadhiwa hata siku 28 ikiwa masharti ya baridi na usafi yametimizwa. Hizo zina kiporo chao, nazo hazimo katika ugomvi huu.

Asidhani mtu kuwa sharti la saa 6 ni ukaidi wa makarani. Mei 2017, katika eneo la Kapoeta, Sudani ya Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la sindano la kuchanganyia lilikuwa limetumika kwa siku zote nne za kazi, na chanjo yenyewe ilikuwa imekaa bila ya baridi. Kwa hiyo atakaye kupunguza upotevu kwa kuurefusha muda wa chupa ataka kununua dozi chache kwa roho za watoto. Saa haiongezwi. Kinachoweza kuongezwa ni watu wa kuchanjwa ndani ya saa hizo, nao hawapatikani kwa kutafutwa jioni.

Kisa cha Harris County, katika jimbo la Texas, Marekani, chastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu kila mmoja wa wagombanao katika jambo hili hukitaja kana kwamba chamtetea yeye. Tarehe 29 Desemba 2020, daktari mmoja, mzaliwa wa Pakistani, alikuwa akisimamia kituo cha chanjo kilichowekwa kwa ajili ya watumishi wa dharura. Kazi ilipokaribia kwisha akaja mtu mmoja wa mwisho, na muuguzi akafungua chupa mpya kwa ajili yake. Zikabaki dozi 10, na kwa masharti ya wakati ule zilikuwa na saa 6 za uhai. Daktari akawauliza wafanyakazi na askari waliokuwapo. Wengine walikwisha chanjwa, wengine hawakutaka. Akamwarifu mkubwa mmoja wa idara kwa simu. Kisha akaanza kuwapigia simu watu aliowajua, akiuliza ni nani mwenye mzee au mgonjwa nyumbani, akaendesha gari lake usiku ule nyumba kwa nyumba. Waliochanjwa walikuwamo wazee wa miaka zaidi ya 80 na 90, wagonjwa wasioweza kuondoka kitandani, na mama mwenye mtoto apumuaye kwa mashine. Karibu na usiku wa manane ikabaki dozi moja, aliyekuwa aje akaghairi, na daktari akamchanja mke wake mwenyewe, ambaye ana ugonjwa wa mapafu. Asubuhi akaandika majina yote na kuyapeleka kazini.

Alifukuzwa kazi. Januari 2021 akashtakiwa kwa wizi wa dozi 10 zenye thamani ya dola 135. Hakimu aliifuta kesi katika mwezi ule ule, na baraza la wazee wa mahakama lilipopelekewa shauri katikati ya mwaka lilikataa kumshtaki. Kwa maelezo yake mwenyewe kwa magazeti, wakubwa wake walimlaumu pia kwamba majina ya aliowachanja yalikuwa mengi ya Kihindi.

Kundi la kwanza la wagombanao laweza kuitwa watetezi wa zamu. Hao husema kuwa serikali ilikwisha panga nani atangulie na nani afuate, na kwamba mpango ukivunjwa kwa dozi 10 leo utavunjwa kwa 100 kesho. Afadhali imwagwe kuliko kupewa asiyefikiwa na zamu. Maneno haya yana sura ya haki, lakini ukiyachungua hayana mwili. Dozi iliyomwagwa hairudi kwa yule aliyetangulia katika safu. Bibi wa miaka 85 ambaye hakufika kituoni jioni ile hapati kinga yoyote kwa sababu jirani yake wa miaka 60 amenyimwa. Zamu iliwekwa ili wapungue wanaokufa. Haikuwekwa kuwa cheo, hata mtu wa daraja la pili akipata kitu awe amemvunjia heshima mtu wa daraja la kwanza. Mtetezi wa zamu akisisitiza kwamba dozi itupwe, ameacha kuitumikia sababu ya zamu na kuanza kuabudu safu yenyewe.

Hata hivyo jambo moja alisemalo ni la kweli, wala halifai kudharauliwa. Ikiwa kila dozi iliyobaki ni halali kwa yeyote, basi dozi zitajifunza kubaki. Patakuwa na chupa zitakazofunguliwa saa ya kufunga mlango, na jamaa wa mfungaji wataonekana wamesimama nje kwa bahati. Hofu hii si ya kubuni. Katika mji wa Halle, Ujerumani, mwaka 2021 ilijulikana kwamba meya alikuwa amechanjwa mwezi Januari, wakati chanjo ilipokuwa ya wazee wa miaka 80 na zaidi na wakaao katika nyumba za kulelea wazee. Alijitetea kuwa ilikuwa dozi iliyobaki, na kwamba jina lake lilitokea kwa bahati nasibu. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini bahati nasibu ambayo wananchi hawakuijua mpaka ilipokwisha kumwangukia mkubwa wao ni vigumu kuiamini, na meya yule alisimamishwa kazi. Watu wa Halle hawakukasirika kwa sababu dozi iliokolewa. Walikasirika kwa sababu kapu lilikuwa limefichwa.

Kundi la pili, watetezi wa ukaribu, hupendeza zaidi kwa kuwa lasema kwa moyo wa ukarimu: mpe aliye karibu, usiulize, sindano mkononi mwa mtu yeyote ni bora kuliko sindano katika ndoo ya taka. Lau uchaguzi ungekuwa kati ya mtu yeyote na ndoo, hapana mwenye akili angewapinga. Mwishoni mwa Januari 2021 wachanjaji wa jimbo la Oregon walikwama barabarani kwa theluji wakiwa na dozi 6 zilizobaki, wakatembea gari kwa gari wakiwauliza wasafiri waliokwama pamoja nao. Walifanya vyema kabisa, na laiti dharura zote zingekuwa za namna hiyo. Lakini jioni si theluji. Jioni huja kila siku, na kila mwenye chupa ya dozi 10 ajua tangu asubuhi kwamba idadi ya waja huenda isigawanyike kwa 10. Jambo lijulikanalo asubuhi haliwezi kuitwa ajali jioni.

Tena, ni nani aliye karibu? Tarehe 28 Januari 2021, huko Seattle, jokofu moja liliharibika, na dozi zaidi ya 1,600 zikawa hazina budi kutumiwa kabla ya mapambazuko. Habari ikaenea kwa simu usiku, watu wakatoka majumbani, wengine wamevaa nguo za kulalia, wakapanga safu. Dozi zikatumika, na mji ukajisifu, wala sifa hizo hazikuwa za uongo. Lakini aliyefika usiku ule ni mwenye simu iliyo macho, mwenye gari, asiyeingia kazini alfajiri, asiyelea mgonjwa. Mzee wa peke yake aliyezima taa saa tatu hakuwa karibu ijapokuwa alikaa mtaa wa pili. Ukaribu ni mali kama mali nyingine, nayo haikugawanywa sawa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na watetezi wa ukaribu hawajauliza visu vilinolewa wapi. Hata daktari wa Texas, ambaye wema wake hauna shaka, hakuwa na orodha nyingine ila ile iliyokuwamo katika simu yake, na simu ya mtu ni ukoo wake, msikiti au kanisa lake, na watu wa lugha yake. Lawama ya majina ya Kihindi ilikuwa chungu na haikumfaa yeye. Ilikuwa yawafaa waliomwacha mtu mmoja gizani na dozi 10 na saa 6, kisha wakamwuliza asubuhi mbona hakugawa kwa uwiano wa wilaya nzima.

Orodha ya akiba ndiyo iliyokosekana pale. Nayo si jambo la elimu kubwa. Ni majina yaliyoandikwa kabla chupa haijafunguliwa, ya watu wenye kustahili chanjo ambao zamu yao haijafika au imewapita, wawezao kufika kituoni kwa muda mfupi, waliopangwa kwa kanuni iliyobandikwa ukutani, na ambao huitwa mmoja baada ya mmoja bila ya kurukwa. Ikifika saa moja kabla ya kufunga, msimamizi ahesabu dozi zilizobaki katika chupa iliyo wazi, aite majina kwa idadi hiyo, wala asifungue nyingine. Asiyejibu simu aandikiwe kuwa hakujibu, na wa pili aitwe. Daftari likae mahali ambapo mtu yeyote aweza kulisoma kesho yake. Mambo haya yakitimizwa, meya akichanjwa itaonekana alikuwa wa ngapi, na daktari hataendesha gari usiku akiomba watu wapokee.

Zipo nchi zilizojaribu kitu kilicho karibu na hiki. Ufaransa, kuanzia tarehe 12 Mei 2021, iliruhusu kila mtu mzima kuchukua nafasi ya chanjo iliyobaki wazi kwa siku ile au ya pili yake, na tovuti moja iliyotungwa na kijana wa nchi hiyo ikawa ndiyo sokoni pa nafasi hizo. Korea ya Kusini, mwishoni mwa Mei mwaka huo, ilizionyesha dozi zilizobaki katika ramani za simu, kliniki kwa kliniki. Upotevu ulipungua, lakini dozi zikaanza kutoweka kwa sekunde chache, na wajuzi wengine wakatunga programu za kubonyeza kwa niaba yao. Yafaa kusema wazi kwamba hiyo si orodha. Ni mnada ambao bei yake ni wepesi wa kidole. Orodha yatakiwa imtangulize ahitajiye zaidi miongoni mwa wawezao kufika, na simu itumike kumwita. Simu ikigeuzwa kuwa kipimo cha haki, vijana wa mjini watakuwa wa kwanza kila siku.

Mpaka hapa msomaji wa Afrika ya Mashariki aweza kusema kuwa haya ni mambo ya nchi zenye majokofu yasiyozimika, na ya msimu mmoja uliokwisha pita. Lakini hapa nyumbani ndipo jambo lilipo zito zaidi, na limekaa kimya.

Mama wa kijijini hubeba mtoto wa miezi 9, umri wa chanjo ya kwanza ya surua na rubela, akatembea mwendo wa saa mbili hata zahanati. Afika Jumatatu. Muuguzi amtazama, aangalia kadi, kisha amwambia kwa adabu, "Mama, surua ni Alhamisi, watoto wakiwa wengi. Siwezi kuvunja chupa kwa mtoto mmoja." Mama arudi. Alhamisi huenda mvua ikanyesha, huenda palizi ikawa imeanza, huenda mtoto mwingine akaugua. Mtoto yule hupotea katika hesabu bila ya mtu yeyote kukataa chanjo, na siku surua itakapoingia kijijini wakubwa watasema kuwa akina mama wa huko hawajaelimika.

Shirika la Afya Duniani hushauri kinyume: chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa maana mtoto aliyekwisha fika ni wa thamani kuliko dozi 9 zitakazomwagwa. Shirika hilo lilikadiria kuwa surua iliua watu 107,500 duniani mwaka 2023, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5 ambao hawakuchanjwa au hawakukamilisha. Basi mbona muuguzi hafungui? Si kwa ukatili. Afungua moyo wake mbele ya mkubwa wake wa wilaya kila mwisho wa mwezi, ambapo huulizwa dozi ngapi zilitoka na watoto wangapi walichanjwa, na tofauti ya hesabu hizo yaitwa upotevu. Ajua pia kuwa akifungua chupa kwa kila mtoto mmoja mmoja, huenda akaishiwa kabla ya shehena nyingine kuja, na watoto 20 wa Alhamisi wakakuta sanduku tupu. Amefundishwa kuogopa kumwaga kuliko kurudisha. Kwa hofu hiyo, dozi zote 10 zimebaki salama ndani ya chupa isiyofunguliwa, na mtoto aliye mbele yake hana kinga.

Hapa ndipo faida kubwa ya orodha ya akiba ionekanapo, nayo si ile iliyosifiwa mwaka 2021. Huko orodha ilitakiwa iokoe matone baada ya chupa kufunguliwa. Katika zahanati ya kijiji orodha humpa muuguzi ujasiri wa kuifungua. Akiwa na daftari lenye majina ya watoto waliokosa chanjo ya miezi 9 au ya miezi 18, wakaao karibu, na njia ya kuwapata, basi mtoto mmoja wa Jumatatu si hasara ya dozi 9. Ni sababu ya kuwaita wengine 9. Avunja chupa saa mbili asubuhi, amchanja aliyefika, na ana mpaka saa nane mchana kuwapata walio katika daftari. Akiwapata watano, watoto sita wamekingwa kwa chupa moja, na tone zilizobaki ni hasara isiyo na aibu. Kadhalika kwa BCG, ambayo wapangaji wa ugavi wamezoea kuihesabia kuwa nusu yake huenda ikamwagwa. Zahanati ndogo haizalishi watoto 20 kwa siku moja, lakini watoto waliozaliwa nyumbani katika mwezi ule wapo, na majirani wawajua.

Patakuwa na mtu atakayesema kwamba akina mama wengi hawana simu. Wengi wanazo, na wasio nazo wana balozi wa nyumba kumi, wana mhudumu wa afya wa kijiji mwenye baiskeli, wana kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa. Habari ya msiba hufika kijiji kizima kabla ya adhuhuri. Hapana sababu habari ya chupa iliyofunguliwa ishindwe njia hiyo hiyo. Mwingine atasema mama ataitwa aje akute dozi zimekwisha, na siku ya pili hataitikia. Huyu ana haki, na jibu lake ni hesabu: zikibaki 5, waitwe 5. Wengine wapendelea chupa ndogo zaidi, na Zambia ilipojaribu zile za dozi 5 za surua katika baadhi ya wilaya zake, wauguzi walizifungua kwa wepesi zaidi na upotevu ukapungua. Hiyo ni njia njema, ila chupa ndogo huchukua nafasi kubwa katika jokofu na bei ya dozi hupanda. Daftari halihitaji baridi.

Wala jambo hili halikomei mlangoni pa zahanati. Mwaka 2021 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoona kuwa haitaweza kuzitumia kwa wakati dozi zake milioni 1.7 za AstraZeneca, ilikubali kiasi cha milioni 1.3 zipelekwe nchi nyingine, na Ghana ilipokea 350,000 kati yake. Mwezi Mei mwaka ule ule Malawi ilichoma hadharani dozi 19,610 ambazo muda wake ulikuwa umepita mwezi Aprili. Kongo ililaumiwa kwa uvivu na Malawi ikahurumiwa, na hukumu zote mbili zilipita kando. Dozi za Malawi zilifika zikiwa na wiki chache tu za uhai. Wenye nazo waliziachia muda wake ulipokaribia kwisha. Kwa majina ya vyakula yaliyotajwa mwanzoni, Ghana ilipata masazo na Malawi ikapata makombo.

Haya yote yataka fedha kidogo na badiliko moja la karatasi. Fedha ni vocha ya simu ya zahanati na nauli ya mhudumu wa kijiji, vitu ambavyo mara nyingi muuguzi hujilipia kutoka mfukoni mwake na hapana bajeti iviandikayo. Karatasi ni ile fomu ya kila mwezi. Kwa kawaida ina safu ya dozi zilizopokewa, safu ya zilizotumika na safu ya zilizotupwa. Mtoto aliyerudishwa Jumatatu hana safu. Wizara za afya za Dodoma na Nairobi zaweza kuichora kwa mstari mmoja wa rula, kisha zimwulize muuguzi juu ya safu hiyo kabla ya kumwuliza juu ya dozi alizomwaga.